Mwenye Lojing'i Asiyewahi Kuwa Mgeni

Sitaanza na ukoo wake. Ukoo aliulizwa na maofisa mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua: baba ni nani, babu ni nani, babu wa babu alitoka wapi na alikuja Isiolo kufanya nini. Alijibu akiwa msichana, akajibu akiwa ameolewa, akajibu akiwa mjane, na kila mara aliyekuwa akiandika alifunga faili akamwambia angoje. Hapa kwangu atapumzika. Nitaandika tu niliyoyaona kwa miaka kumi na sita ya kulala kwenye lojing'i yake. Jina lake pia silitaji. Mji mzima ulimwita Mama wa Lojing'i, na yeye akaitika.

Alitaka kitu kimoja. Alitaka kitambulisho cha taifa, ile kadi ndogo ambayo Wakenya wengi wanayo mfukoni na huikumbuka tu siku wanapoipoteza. Yeye hakuwa nayo, wala hakuwahi kuwa nayo. Na kazi iliyomlisha, aliyoifanya kila siku tangu mumewe afe, ilikuwa kuwadai watu wengine yao.

Mimi ni fundi wa friji. Si friji za soda. Ni zile za zahanati, zinazotunza chanjo za watoto. Kwetu ni Embu, lakini kazi inanipeleka Merti, Korbesa, Oldonyiro, Kinna, mpaka Rapsu kwenye mashamba ya kunyunyizia, kokote kwenye muuguzi mmoja, friji moja na jua lisilojua huruma. Kabla ya kwenda na baada ya kurudi, lazima nilale Isiolo. Siku ya kwanza niliingia pale kwake nikiwa nimechoka, na vumbi limenijaa mpaka kwenye kope.

"Salaam aleikum," alisema, kisha akaona msalaba shingoni mwangu. "Ama habari."

"Mzuri, Mama. Nataka chumba."

"Chumba iko. Kitambulisho iko?"

Kilikuwa chini kabisa ya sanduku la vifaa. Nikamwambia nitampa kesho.

"Basi chumba pia utapata kesho."

Nilidhani anatania. Alivuta kiti akakaa kitako, mikono juu ya magoti, akaningoja. Nikalazimika kutoa kila kitu pale barazani, juu ya saruji aliyokuwa ametoka kuipiga deki: mabomba ya shaba, mtungi wa gesi, spana, thamostati tatu mbovu. Kadi ilipotokea ilikuwa na doa la oili. Aliipokea kwa ncha za vidole, akaifuta kwa pindo la shali yake mwenyewe, akainakili namba polepole huku akiisoma kwa sauti. Aliponirudishia, alinirudishia kwa mikono miwili. Nikajiambia huyu mama ana wazimu kidogo. Sikujua nilichokuwa nikikitazama.

Lojing'i yenyewe ilikuwa na vyumba tisa, baraza ndefu mbele, na kuta nene za mawe za wakati wa mkoloni. Mji huu ulianza kama kambi ya askari na kituo cha kuzuia ng'ombe wenye magonjwa, na siku hizo hukupita kwenda kaskazini bila pasi, wala mtu wa kaskazini hakushuka bila pasi. Ni mji uliozaliwa ukiuliza watu karatasi. Mara mojamoja huja wageni wenye kamera kubwa kupiga picha kuta hizo na kusema ni historia. Mmoja alimwomba Mama aseme neno kuhusu historia ya nyumba.

"Historia iko chumba namba sita," alisema. "Ikinyesha, inavuja."

Hakuwa mtu wa maneno matamu. Nilizoea asubuhi kusikia sauti yake kabla ya kuona uso wake, akipigania bei ya nyanya na mama wa Rapsu, au akimweleza mama afuaye mashuka, ambaye walikuwa wamezeeka pamoja, kwamba shuka iliyokauka na kunyanzi bado ni chafu. Alikuwa na imani kali kuhusu mashuka. Aliyapiga pasi yote, hata ya chumba namba sita. "Mgeni hajui kama unaswali," aliniambia. "Anajua kama umefua." Chai yake ilikuwa ya maziwa ya ngamia, na anjera zake, ile mikate laini ya matundu, nilizila mpaka nikaona haya. Lakini ukimsifia, alinuna. Alidhani unataka kupunguziwa bei.

Alidanganya umri wake bila sababu yoyote. Mwaka mmoja alikuwa na hamsini, mwaka uliofuata arobaini na sita. Hakupenda watu wanaopiga mluzi. Hakupenda rangi ya kijani, na hilo nitalieleza, kwa sababu linamhusu jirani wa ng'ambo.

Ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na baraza lake, kulikuwa na lojing'i nyingine. Mwenyewe alikuwa Mmeru, mzee wa kanisa, mtu wa kofia na fimbo ya kutembelea ambayo hakuihitaji. Mama ndiye aliyepaka nyumba yake kijani kwanza. Mwezi uliofuata jirani naye akapaka kijani. Mama akabadilisha, akapaka buluu. Jirani akabaki na kijani chake, lakini akanunua mapazia ya buluu. Halafu akageuza kibao chake ili kitazame upande ambao mabasi huingilia. Nilipoanza kulala pale walikuwa wameshaacha kusalimiana, na Mama alikuwa na njia ya kutazama barabara kana kwamba ng'ambo hakuna kitu ila hewa.

Ukali wake juu ya kitambulisho ulimnufaisha jirani sana. Siku moja alifika bwana mmoja mkubwa kutoka Nairobi, gari mbili, dereva, msaidizi wa kubeba simu. Kitambulisho alikuwa amekiacha nyumbani.

"Mama, unajua mimi ni nani?"

"Sijui. Ndio maana nauliza."

Tuliokuwa tunakunywa chai tulitazama vikombe vyetu. Bwana mkubwa akavuka barabara, na jirani akampokea kwa mikono miwili na kofia mkononi. Mama akaendelea kukunja mashuka. Hakupepesa hata jicho.

Ungedhani basi ni mtu wa sheria na moyo wa jiwe. Nami nilidhani hivyo mpaka siku ya soko la mifugo, nilipoamka mapema nikakuta watu saba wamelala kwenye zulia la sebule yake mwenyewe: wachungaji wa Oldonyiro waliokuja kuuza mbuzi, mama mmoja Mborana aliyeleta mtoto hospitali, na mzee Mturkana mrefu aliyelaza kichwa juu ya kigoda chake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kitambulisho. Hakuwapa chumba, kwa sababu chumba ni cha aliyeandikwa kitabuni. Aliwapa nyumba yake, na chai, na hakuwaandika popote.

"Hawa si wageni," alisema aliponiona nimesimama mlangoni. "Hawa ni ndugu zangu."

"Hata huyu?" Nilimwonyesha mzee Mturkana.

"Huyo ni wa mama mwingine."

Kitu kingine kilinishinda kukielewa. Mama huyu aliyemfukuza mkubwa wa Nairobi bila kuinua sauti alikuwa anaogopa sare. Polisi walipokuja kukagua vitabu vya wageni, kazi ya kawaida katika kila mji, alimwachia mama wa kufua kitabu na yeye akajifungia jikoni. Na kitabu chake ndicho kilikuwa safi kuliko vyote. Ofisa mmoja alikisifia kwa sauti pale barazani, akasema wenye lojing'i wengine waje wafundishwe na huyu. Akataka amsalimie. Mama wa kufua akamwambia mwenyewe ameenda sokoni. Mwenyewe alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, na unga mikononi.

Nilijua ukweli kwa sababu ya jicho lake. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kufunga ukungu, mtoto wa jicho, na nilisikia kwamba madaktari wa macho wangekuwa Nanyuki wiki hiyo. Nilikuwa naelekea huko na gari la kazi likiwa tupu. Nikamwambia apande, nitampeleka na kumrudisha. Akasema ana kazi. Nikamwambia kazi itangoja. Akasema jicho pia litangoja. Nilimsumbua mpaka akakasirika.

"Fundi, hebu sikia. Tukifika kwa kizuizi, askari akiuliza kitambulisho, mimi nitamwonyesha nini? Mashuka?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Ndipo akaketi akaniambia.

Alipokuwa na miaka kama kumi na minane kulikuwa na ukame uliomaliza mifugo ya kwao yote. Shangazi yake alikuwa na watoto wanne na hana cha kuwapa. Ikasikika kwamba mashariki, siku mbili kwa lori, kuna kambi ya wakimbizi, na kambini kuna unga na mafuta. Kwa wenye nchi hakukuwa na kitu. Kwa wakimbizi kulikuwa na foleni. Akamsindikiza shangazi. Karani alikuwa anahesabu midomo. Kila mdomo uweke kidole kwenye wino, upate kadi ya chakula. Naye akaweka chake, ili sehemu yake iwafikie wale watoto.

"Miezi mitatu tulikula hiyo unga. Tukarudi kwetu. Nikaenda kuomba kitambulisho, wakaniambia ngoja. Baadaye mashine ikasema mimi ni mkimbizi." Alikitazama kidole gumba chake. "Kidole ni hii moja. Lakini wallahi, aliyeiweka ni njaa."

Huko kaskazini watu wengi walifanya kosa hilohilo. Mtu wa Embu hawezi kulifanya hata akijaribu, kwa sababu kwetu njaa ikiingia hakuna foleni ya kukugeuza mgeni. Nilikasirika siku ile kwa hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Nilienda Nanyuki peke yangu. Kizuizini askari alinisimamisha, akaitazama kadi yangu nusu dakika, akanipungia mkono nipite. Nilipita nikiona aibu.

Tangu hapo nilianza kuhesabu alivyonyimwa. Leseni ya lojing'i ilikuwa kwa jina la marehemu mumewe, kisha kwa jina la binti yake, aliyepata kadi kupitia baba. Laini ya simu ilikuwa ya binti. Hakupiga kura hata mara moja, ingawa aligombana na kila mwanasiasa aliyepita barabara ile. Maka aliiona kwenye kalenda tu. Na yeye aliyewatandikia watu maelfu vitanda hakuwahi kulala lojing'i ya mtu, kwa sababu yeyote mwenye lojing'i anayefuata sheria angemwuliza swali lile lile alilokuwa akiniuliza mimi. Nilipomwuliza mbona basi huwabana wageni hivyo, wakati yeye anajua uchungu wake, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

"Kama mimi sina, nitasema haina maana? Ina maana sana. Ndio naitafuta."

Aliitafuta bila kuchoka, au alichoka na akaendelea. Kila kamati ya wazee wa kupiga msasa, wanaochuja nani ni Mkenya na nani si Mkenya, ilipokaa, alikwenda. "Napigwa msasa kama mlango," alisema. "Karibu niishe." Shida yake ilikuwa mashahidi. Alitakiwa amlete mtu aliyemjua kabla ya ukame ule, na asiwe wa familia yake, kwani familia inaweza kusema lolote. Alikuwa na watatu, wazee wote. Wa kwanza alifariki kabla kamati haijakaa. Wa pili alifariki baada ya kutoa ushahidi, lakini faili likapotea. Wa tatu alianza kusahau, na siku ya kuulizwa akasema huyu mama ni mke wake wa kwanza.

"Kila nikipata mzee wa kunishuhudia, Mungu anamhitaji," aliniambia, na mara ile ndiyo ya pekee niliyomwona amekata tamaa. Alikuwa amekaa barazani na hakuwa na shuka wala chochote mkononi.

Kisha ikatangazwa kwamba majina ya watu kama yeye yatasikizwa upya, na kwa watakaoshinda, alama za vidole vyao zitaondolewa kwenye orodha ya wakimbizi. Sharti lilikuwa lile lile: shahidi wa zamani. Wakati huo nilikuwa nimekwama Isiolo, nangojea kipuri cha friji ya Merti. Nilikuwepo uani mama wa kufua aliposema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye beseni, kwamba shahidi mmoja bado yupo hai na ana nguvu.

"Nani?"

Mama wa kufua akaonyesha kwa kidevu. Ng'ambo.

Mama alirusha kipande cha sabuni ukutani. Siku mbili hakutuambia kitu zaidi ya salamu. Nilipompa shauri kwamba mimi naweza kwenda kumsemea kwa jirani, alinikata.

"Mdomo ninayo."

Siku ya tatu alivaa buibui jipya, akajipulizia manukato, akavuka barabara. Alisimama katikati kungojea lori la ng'ombe lipite, na nilidhani angegeuka. Hakugeuka. Nilimwona akipanda ngazi mbili za jirani, jirani akasimama, kofia ikatoka. Walizungumza wakiwa wamesimama hivyo hivyo, dakika tano, hakuna aliyemkaribisha mwenzake kiti. Aliporudi shavu lilikuwa linamcheza.

"Amesema nini?"

"Amesema ataangalia kama ana nafasi." Akavua viatu kwa kishindo. "Nafasi! Yeye huyo ana wageni wawili!"

Siku ya kamati nilimpeleka mwenyewe kwa gari, maana ukumbi wa chifu haukuwa mbali na hakukuwa na kizuizi njiani. Ukumbi ulijaa. Wengine walikuja na watoto wao waliozaliwa wakati wanangoja. Mama alikaa benchi la mbele, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Jina lake liliitwa. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akauliza shahidi yuko wapi. Akauliza tena. Nilisikia mkoba wa Mama ukifunguliwa na kufungwa, ukifunguliwa na kufungwa. Mwenyekiti alikuwa ameshaweka kalamu yake juu ya faili la mtu mwingine wakati mlango ulipofunguliwa.

Jirani wa ng'ambo aliingia amevaa suti nzima, na tai, katika joto lile la kupika yai. Alipita katikati ya watu polepole. Fimbo yake ndiyo iliyosikika peke yake.

"Wewe unamjua huyu mama aje?" mwenyekiti akauliza.

"Kumjua?" Jirani alipangusa jasho. "Mwenyekiti, mimi nimegombana na huyu mama tangu darasa la pili."

Watu wakaanza kucheka. Mwenyekiti akagonga meza.

"Sema mambo ya maana, mzee."

"Hiyo ndiyo ya maana. Tulikuwa shule moja, hapa hapa Isiolo. Kulikuwa na tangi ya maji. Siku moja huyu aliniuma." Alikuwa ameshavua koti, akakunja shati mpaka kiwikoni, akauweka mkono wake juu ya meza ya kamati. "Alama ndio hii."

Wazee watano wa kamati waliinama wote pamoja juu ya ule mkono. Mwenyekiti aliinua miwani, akaishusha.

"Alikuuma kwa nini?"

"Bila sababu."

"Mwongo!" Mama alikuwa amesimama. "Uliniibia nafasi kwa foleni ya maji! Nilikuwa mbele yako!"

"Mama, nyamaza, hii ni kamati."

"Sinyamazi! Kama anashuhudia, ashuhudie yote!"

"Unaona?" jirani akamwambia mwenyekiti, na uso wake ulikuwa umejaa furaha ambayo sijui aliificha wapi miaka yote ile. "Unaona vile anakumbuka? Sasa niambie. Wanasema huyu ni mkimbizi, alikuja Kenya msichana mkubwa, akaweka kidole kambini. Mtu mkubwa atarudi aje darasa la pili kuja kuniuma? Hii, Mwenyekiti, ni meno ya utoto. Pima."

Ukumbi ulivunjika. Nilimwona chifu mwenyewe amejifunika uso kwa kofia. Karani aliuliza aandike nini, na mwenyekiti, akijitahidi kukaza sauti, akamwambia aandike kwamba shahidi ameonyesha kovu la meno, na kwamba mwombaji amekiri. Mama alikuwa bado amesimama. Alitaka kuongeza jambo kuhusu ile foleni, kisha akaketi. Jirani alivaa koti lake, akatoka bila kumtazama. Nje nilimkimbilia kumshukuru. Akaniambia yeye hakuja kwa ajili ya mtu, alikuja kwa sababu ni kweli.

Baada ya hapo ilikuwa kungoja tena, miezi juu ya miezi, na safari hii sikumsikia akilalamika. Mimi nilihamia friji za mbali. Nilikaa Korbesa muda mrefu kuliko nilivyopanga, mahali ambapo simu hushika ukipanda juu ya tangi la maji, na sikuwa na hamu ya kupanda.

Niliporudi Isiolo ilikuwa asubuhi, saa mbili na kitu. Niliingia barazani nikiwa nimeshaandaa kadi yangu mkononi, kama mtoto aliyefundishika. Kiti cha Mama kilikuwa kitupu. Mama wa kufua alitoka na beseni, akaniona, akaanza kucheka peke yake mpaka akaliweka beseni chini.

"Mama yuko wapi?"

"Hayuko. Amelala hoteli."

"Hoteli gani?"

Hakuweza kujibu kwa kicheko. Akanigeuza kwa mabega, nikatazama barabara.

Alikuwa ameketi kwenye baraza la jirani, kwenye meza ya wageni yenye kitambaa cha plastiki, na birika mbele yake. Alikuwa amevaa dera jipya la rangi ya chungwa na hina mikononi. Mkoba wa safari ulikuwa kando ya kiti, mkoba mkubwa wa kutosha mtu anayekwenda Mombasa. Alinipungia mkono kwa ukubwa, kama anayeniita kutoka ghorofani.

"Fundi! Vuka, vuka! Kaa. Wewe ni mgeni wangu, na mimi ni mgeni wa hapa."

Jirani alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani, na yeye ndiye aliyenieleza, maana Mama alikuwa anakula mkate na hakutaka kuharakishwa. Kadi ilikuwa imefika juzi. Jana alasiri Mama alivuka barabara na mkoba wake akasema anataka chumba. Jirani akadhani bati la kwake limetoboka lote. Akamwambia, "Ingia tu, Mama, wewe nakujua."

"Nikamwambia hapana," Mama akadakia. "Nikamwambia, niulize."

"Nikasema, nikuulize nini?"

"Nikasema, uliza vile unauliza watu."

"Sasa mimi kwa kweli huwa siulizi watu," jirani akaniambia kwa sauti ya chini, na Mama akamkazia jicho. "Lakini nikauliza. Nikavaa kofia, nikaenda nyuma ya kaunta, nikasema, 'Mama, kitambulisho iko?'"

Alipangusa meza ambayo haikuwa chafu.

"Akaniambia, 'Iko.' Halafu akakaa hapo, Fundi, dakika mingi, ameshika kaunta."

Nikaomba kuona kitabu. Jirani akakileta, kimejaa madoa na kurasa zimejikunja, kitabu kibaya kweli. Mstari wa mwisho ulikuwa mwandiko ninaoujua, kwani Mama hakumwamini kuandika sawasawa na alimnyang'anya kalamu. Majina yake matatu yalikuwa pale. Namba ilikuwa pale, tarakimu moja moja, zimeachana vizuri. Kazi: mwenye lojing'i. Anakotoka: Isiolo. Anakokwenda: Isiolo. Nilisoma mara mbili, na sioni haya kusema kwamba machozi yalinitoka mbele ya watu wawili wazima na mhudumu mmoja aliyekuwa amekuja na ufagio.

"Shuka zake ni nyepesi," Mama alisema. "Na mto una harufu ya duka. Lakini nimelala, Fundi. Nimeamka nikaacha kitanda vile iko. Sijakunja hata kona moja."

Yule mhudumu alisubiri tunyamaze, kisha akauliza kama sasa anaweza kuingia kusafisha chumba cha Mama.

Mama alimgeukia jirani. "Kutoka hapa kwako ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na saa hii ni saa ngapi?"

Jirani akaitazama saa yake. "Mbili na nusu."

"Basi bado niko na chumba," alisema Mama, akausogeza mkoba wake karibu na mguu. "Niletee chai ingine. Na ya huyu pia."

Jirani akatundika taulo msumarini, akaenda jikoni mwenyewe kuileta.